Harusi ya Nazmiye Isiyo na Bwana Harusi

Nazmiye alipojitangazia harusi hakuwa na mchumba, wala hakuwa akimtafuta. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne, nywele kazitia hina kama kawaida yake, na alipita mtaa mzima wa kwetu hapa mjini Ödemiş, Uturuki, akigonga milango na kugawa kadi. Kadi ilikuwa kama ya harusi nyingine yoyote: maua pembeni, jina la bibi harusi kwa herufi za kujipinda. Mahali pa jina la bwana harusi palikuwa peupe.

Alinikuta dukani nikipiga pamba. Mimi ni fundi wa mifarishi ya maharusi, au tuseme nilikuwa, maana siku hizi watu wanajifunika vitu vya kiwandani vilivyojazwa nyuzi za plastiki, halafu wanashangaa kwa nini wanaamka wamechoka.

"Fundi Halit, hii yako."

Nikavaa miwani, nikasoma, nikaigeuza nyuma nione kama jina la mwanamume limeandikwa huko.

"Unaolewa na nani?"

"Na nyinyi nyote. Jumapili ijayo, baada ya adhuhuri, mbele ya ghala la tumbaku. Usije mikono mitupu."

"Umeingiwa na wazimu, dada?"

"Uliniingia zamani. Wewe hukuuona kwa vumbi la pamba."

Akaenda zake duka la pili. Nitaeleza alivyofikia hapo, kwa sababu watu wa mitaa mingine wameisimulia habari hii vibaya. Wako wanaosema alitaka mume. Wako wanaosema alitaka kuwakamua majirani. Wote walikuwa nyumbani kwao wakitazama televisheni.

Mama yake, Bi Sabiha, alikuwa mwimbishaji wa usiku wa hina. Usiku ule bibi harusi hukalishwa katikati, hufunikwa shela jekundu usoni, na wanawake humzunguka na mishumaa wakimwimbia mama anayeachwa na kitanda kitakachobaki baridi. Kazi ya mwimbishaji ni kumliza. Bi Sabiha aliweza kumliza hata msichana aliyekuwa akihesabu siku za kutoka kwao. Nazmiye alichukua sauti ya mama yake, lakini ile miguu sijui aliitoa wapi.

Alipokuwa msichana aliingia chama cha ngoma cha vijana. Mwalimu aliwagawia wasichana vitambaa vya mkononi akawaambia watabasamu na wavipeperushe. Wavulana wakafundishwa ngoma ya wanaume wa milimani, ile ya polepole, mikono imefunguliwa kama mbawa za tai, goti linashuka mpaka chini, kisha mtu anainuka kana kwamba hajawahi kupiga goti mbele ya kiumbe yeyote. Nazmiye alitia kitambaa mfukoni akasimama kwenye mstari wa wavulana. Akatolewa. Kesho yake akarudi, akasimama palepale. Akatolewa tena. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyechoka.

Mwaka huohuo dada yake Emsal akafa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na harusi yake ilikuwa imebaki wiki moja. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua kwa siku mbili. Kwa msichana anayekufa kabla ya kuolewa, watu wetu hutandika shela la harusi juu ya jeneza. Nililiona shela lile likipita hapa mbele ya duka, jekundu, limefungwa kwa uzi ili upepo usilichukue. Wanaume walilibeba jeneza mpaka makaburini, na wanawake wakabaki getini, kama ilivyo desturi yetu. Nazmiye alibaki getini akiwa na miaka kumi na saba. Sijui mengi juu ya moyo wa mtu, lakini najua kwamba tangu siku ile hakupita tena geti lile bila kusimama, na walipokuja wachumba, walikuwa wawili watatu, aliwapa chai akawafungulia mlango.

"Hajanijia niliyemtaka," ndivyo alivyosema, na hakuongeza.

Akaishi hivyo. Mchana alichambua tini kwenye ghala la kufungashia, zilizopasuka huku, nzima kule. Usiku wa hina ulipotokea, aliitwa kuimba badala ya mama yake. Na kila alipokwenda harusini, au kwenye tohara, au mtoto wa mtu alipoagwa kwenda jeshini, alitunza. Sijui kwenu, lakini kwetu harusi bila kutunza ni chakula cha mchana tu. Bibi harusi huvishwa utepe mrefu mwekundu shingoni, watu hupanga foleni, kila mmoja huja na kipande chake cha dhahabu akakibana kwa pini kwenye utepe, na mwenye kipaza sauti hutangaza: familia ya fulani, robo moja! Robo ni ile sarafu ndogo nyembamba ya dhahabu. Anayekubania robo leo, wewe utambania robo siku yake au siku ya mwanawe. Hakuna anayeidai, na hakuna anayeisahau. Watu wamesahau majina ya babu zao lakini hilo hawajalisahau.

Nazmiye alitunza miaka thelathini. Siku yake mwenyewe haikuwepo.

Kisha yakaja mambo ya siku hizi. Bwana Tuncay akajenga ukumbi wa harusi kwenye kona, wenye vioo vya bluu, mashine ya moshi, na kiti cha bibi harusi kama cha malkia wa katuni. Nyimbo za hina zikatoka kwenye kompyuta. Nazmiye alikuwa bado anaitwa, lakini anaambiwa, dakika tano tu, kwa ajili ya video. Msichana mmoja alimshika mkono akamwambia, "Shangazi, tafadhali usinilize. Rangi ya macho imekula pesa nyingi."

"Sasa mimi nimeitiwa nini?" Nazmiye akamuuliza.

"Uonekane nyuma."

Alitoka pale hajavua hata ndara alizopewa mlangoni na wenye nyumba. Baada ya siku chache nikasikia vishindo uani kwa ghala la zamani la tumbaku, ambalo limekuwa tupu tangu serikali ilipoacha kununua tumbaku yetu. Nikaenda kuchungulia. Nazmiye alikuwa amekusanya wanawake: Pakize mjane wa mwokaji, wachambuaji wenzake wa tini, mwalimu mmoja mstaafu, binti wa muuza nyanya. Hakuna aliyekuwa na umbo la mchezaji. Pakize alikuwa na umbo la pipa, Mungu ampe afya.

Walikuwa wakicheza maisha. Sina namna nyingine ya kusema. Walianza na mtoto wa siku arobaini anayeogeshwa kwa maji yaliyotiwa majani. Kisha jino la kwanza, pale ngano ya kuchemsha inapomiminwa juu ya kichwa cha mtoto. Kisha mtoto anayeanza kutembea, anafungwa uzi miguuni, na mwenye mbio kuliko wote anakuja kuukata ili asijikwae maishani. Kijana anaagwa kwenda jeshini, anarushwa hewani. Bibi harusi anafumba ngumi yenye hina, haifungui mpaka mama mkwe amtie dhahabu kiganjani. Na mwisho kabisa, ubao umebebwa mabegani, shela jekundu juu yake, na wanawake wale hawasimami getini. Wanalipita.

Mambo haya yote nimeyaona yakifanywa majumbani, na watu wakiyafanya bila kujua kwamba yatakwisha. Nilisimama nyuma ya ukuta mpaka mguu ukafa ganzi.

Ngoma ya namna hiyo haichezwi kwa makofi. Inataka ngoma kubwa mbili na zumari mbili, na Abidin, mpiga ngoma wa mtaa wetu, na wenzake wanalisha watoto kwa harusi, huwezi kuwaambia waje bure. Inataka nguo, jukwaa la mbao, mazoezi ya miezi. Nazmiye akaenda manispaa. Akapewa chai. Akarudi mara ya pili, akapewa chai na biskuti, na bwana mmoja mwenye tai akamwambia mradi ni mzuri sana ila hauingii kwenye fungu lolote: si utalii, si vijana, si michezo.

"Ungekuwa na vijana ningekuweka kwenye vijana," alisema.

"Ninao. Wamezeeka tu," Nazmiye akajibu.

Ndipo Bwana Tuncay mwenyewe akatuma salamu kwamba yuko tayari kufadhili. Nazmiye akanichukua niende naye. Alisema mwanamke akienda peke yake atapewa kahawa, akienda na mzee atapewa na keki. Keki ililetwa kweli, kavu.

Tuncay si mtu mbaya wa kupiga watu. Ni mtu anayetabasamu huku anapima ukuta wako kwa macho. Alitusikiliza, akasema atalipa yote: wapigaji, nguo, kila kitu. Moyo wangu uliruka, siwezi kuficha.

"Mtacheza ukumbini kwangu," akasema. "Jina la ukumbi litaandikwa juu. Nguo ziwe na vimeta kidogo, watu wanapenda. Na ile sehemu ya mwisho iondoke."

"Ipi?" Nazmiye akauliza, ingawa sote tulijua.

"Ya jeneza. Dada Nazmiye, mimi nauza furaha. Watu wanakuja kwangu kuweka miadi ya harusi, waone shela juu ya jeneza? Mwishie kwenye hina. Bibi harusi anafungua mkono, dhahabu inang'aa, moshi, makofi. Safi."

"Na anayekufa?"

"Nani anayekufa? Hakuna anayekufa!" Akacheka, akanitazama mimi nicheke naye. Nilikuwa natafuna keki.

Nazmiye akasimama. "Bwana Tuncay, mimi ngoma hii nimeianzia mwisho. Ya huko mwanzo nilikuja kuyaweka baadaye, ili watu wapate njia ya kufika pale. Ukiniondolea pale, nitakuwa nimewatembeza watu bure."

"Fikiri, dada. Hakuna mwingine atakayekupa."

"Nimekwisha fikiri. Keki yako ina vumbi."

Tulirudi kwa miguu. Tukafika kwenye dirisha la sonara. Pale akasimama akatazama robo zilizopangwa kwenye kitambaa cheusi. Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anacheka, cheko la chini kwa chini, la mtu aliyeona mahali alipoweka funguo zake.

"Fundi Halit," akasema, "mji huu wote umevaa dhahabu yangu."

Ndivyo kadi zilivyochapishwa.

Kaka yake, Nurettin, alikuja dukani kwangu akiwa mwekundu kama pilipili. Ni mtu mwenye heshima zake, aliwahi kuwa mkuu wa kituo cha treni.

"Umemwacha afanye hivi?" akanipigia kelele.

"Mimi ni nani wa kumwacha?"

"Mwanamke mzima anajiita bibi harusi mbele ya ghala! Anawadai watu! Mimi nitapitaje kwenye mkahawa?"

"Pita upande wa pili wa barabara."

"Usinifanyie mzaha, fundi. Kutunza hakudaiwi. Ni aibu!"

Nazmiye alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Kaka," akasema, "mimi sijadai. Nimealika. Mtu akialikwa harusini anajua mwenyewe afanye nini. Au nyinyi mlidhani mimi natunza kwa kuwa napenda kelele ya kipaza sauti?"

"Harusi ina mume!"

"Ya Emsal ilikuwa na mume. Ilisaidia nini?"

Nurettin akampita pale mlangoni, akaondoka. Jina hilo lilikuwa halijatajwa mbele yake kwa miaka mingi.

Kufunga barabara kwa harusi kunataka kibali cha polisi. Karani wa pale alikuwa na karatasi yenye nafasi ya jina la bwana harusi na hakuweza kuendelea bila kuijaza. Nazmiye akamwambia aandike kwamba bwana harusi anachelewa. Karani akaandika. Siku hizi ndivyo serikali inavyofanya kazi, na mara moja hii nilishukuru.

Jumapili ikafika. Jua la Agosti lilikuwa linaunguza lami. Tangu alfajiri wanawake walikuwa wanasonga keshkeki, ngano na nyama, kwenye sufuria kubwa, wakipokezana miti ya kupondea. Viti vilipangwa kutoka ghalani mpaka kwenye duka la muuza nyanya. Nazmiye alikaa mbele, hakuvaa nyeupe. Alivaa gauni la mama yake la mahameli ya zambarau lililotariziwa nyuzi za dhahabu, la kupwaya mabegani, na shingoni utepe mwekundu usio na kitu.

Adhuhuri ikapita. Abidin akapiga ngoma. Hakuna aliyekuja.

Siyo kwamba watu hawakuwepo. Nyuma ya kila pazia kulikuwa na pua. Niliwajua, nilikuwa nawaona. Kila mtu alimngoja mwenzake awe wa kwanza kukubali kwamba harusi isiyo na mume ni harusi, ili yeye awe wa pili. Mtu wa pili hasutwi. Nazmiye alikaa wima akitazama mbele, na utepe ulikuwa mrefu mpaka magotini, mtupu, na kila dakika ulikuwa unazidi kuwa mrefu. Pakize alitaka kwenda kubisha milango. Nazmiye akamkataza.

"Mwache anayejificha ajifiche. Tia chumvi kwenye keshkeki."

Nilikuwa na robo yangu mfukoni, ya tohara ya mwanangu. Nikainuka. Lakini nisingehesabika, mimi ni rafiki, na rafiki akija hathibitishi chochote. Wakati huohuo mlango wa nyumba ya kijani ukafunguliwa, akatoka Bi Zekiye.

Ni lazima mjue kwamba Bi Zekiye na Nazmiye walikuwa hawasemezani kwa miaka kumi na moja. Ulikuwa ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo, na ulikuwa umekwisha kuwa sehemu ya mtaa kama bomba la maji. Bi Zekiye akashuka ngazi na fimbo yake, amevaa koti lake la misibani na harusini, akaja mpaka mbele ya Nazmiye.

"Sisemi na wewe," akasema.

"Usiseme."

"Lakini ulimtunza mwanangu wa kwanza, na wa pili, na mjukuu wangu alipotahiriwa. Nikifa na kitu cha mtu, nitalala vibaya. Inama, sifiki."

Nazmiye akainama. Bi Zekiye akabana robo tatu, akamchoma na pini shingoni, sijui kwa bahati mbaya au la.

"Aah!" Nazmiye akasema.

"Hiyo ya kamba," akasema Bi Zekiye, akaenda kukaa kiti cha mbele kabisa.

Abidin akashika kipaza sauti, sauti yake ikapasuka: "Familia ya Bi Zekiye, robo tatu! Mungu awazidishie!"

Basi hapo milango ikafunguka. Hakuna mtu wa mtaa ule ambaye angekubali kushindwa na Bi Zekiye. Walikuja na robo, na wale ambao dhahabu ya siku hizi imewashinda walikuja na noti za lira wakazibana kwa pini. Mmoja alikuja na dumu la mafuta ya zeituni akaomba litangazwe pia, likatangazwa. Mwanamke mmoja alisafiri kwa basi kutoka İzmir na mtoto mgongoni, kwa sababu Nazmiye ndiye aliyemliza usiku wake wa hina. "Hakuna aliyeniliza vile tangu siku ile," akasema. Zumari zikalia, watu wakacheza barabarani kama zamani, kabla ya vioo vya bluu. Sikutegemea kuona tena kitu kile, na sikukiamini mpaka mtu aliponikanyaga kidole.

Ndipo Bwana Tuncay akaja na mpiga picha. Mkewe, Bi Gönül, alikuwa nyuma yake. Tuncay alishika bangili ya dhahabu nene kama mkia wa paka, akaiinua ili watu waione, akachukua kipaza sauti kutoka kwa Abidin.

"Ukumbi wetu," akaanza, "unamtunza msanii wetu..."

Nazmiye akaweka kiganja juu ya utepe.

"Bwana Tuncay, binti yako alipoolewa nilimbania robo. Una robo?"

Tuncay akacheka. "Hii ni kubwa zaidi, dada. Chukua tu."

"Nimeona ni kubwa. Una robo?"

"Unakataa zawadi mbele za watu? Hivyo ndivyo mlivyolelewa?"

"Kitu cha harusini ni cha kurudishwa. Hicho nitakurudishia lini? Nitabaki na deni lako mpaka nife, na kila tutakapoinua mguu utatukumbusha. Utasema inua juu. Utasema ondoa jeneza. Mimi nataka kile nilichokupa. Kaa, kula keshkeki, kisha mtume mtu kwa sonara."

Mpiga picha hakujua apige au asipige. Tuncay akatazama kushoto na kulia akitafuta mtu wa kucheka naye, na safari hii hata mimi, bila keki mdomoni, sikucheka. Akageuka akaondoka, bangili mkononi.

Bi Gönül hakuondoka. Alifungua mkoba wake taratibu, akatoa robo, akaibana.

"Ya binti yangu," akamwambia Abidin. "Tangaza hivyo. Usitaje ukumbi."

Jioni ilipoingia nilimwona Nurettin anakunja viti. Hakubana kitu chochote kwenye utepe, na hakumtazama dada yake. Alikunja viti vyote mpaka cha mwisho, akavipanga, akaenda kwake.

Kilichopatikana kilitosha wapigaji na mbao na nguo. Taa hazikutosha, kwa hiyo wakaamua kucheza mchana, mwisho wa Septemba, tini zilipokwisha, barabarani palepale. Mji ukaja. Wengine walikuja kuona dhahabu yao imegeuka kuwa nini, na hiyo ni haki yao.

Siku ile ukumbini kwa Tuncay kulikuwa na harusi. Sisemi alifanya makusudi. Nasema tu kwamba madirisha ya ukumbi ule hayakuwahi kufunguliwa tangu ulipojengwa, na siku ile yalifunguliwa yote, na spika zilielekezwa nje.

Mtoto akaogeshwa, ngano ikamiminwa, uzi ukakatwa, na muda wote ule Abidin na wenzake walikuwa wanapigana na ile kelele ya bati kutoka kwenye kona. Wakaishinda kwa taabu. Watu walicheka kijana alipobebwa kwenda jeshini, kwa sababu kijana alikuwa Pakize na wanawake wanne hawakuweza kumrusha. Bibi harusi akafumba ngumi, akaifungua. Hapo ndipo Tuncay alipotaka pawe mwisho, na hapo muziki wa ukumbini ukazidishwa. Ubao ukainuliwa mabegani, shela jekundu juu. Abidin akamtazama Nazmiye, jasho linamtoka, mikono imekwisha nguvu.

Nazmiye akampa ishara anyamaze. Na zumari zinyamaze.

Wakaendelea bila mdundo wowote wa kwao, nyayo tu juu ya mbao, huku kompyuta ya Tuncay inapiga wimbo wa furaha juu ya vichwa vyao. Hawakuufuata. Walikwenda polepole kuliko wimbo, polepole kuliko mtu anavyoweza kuvumilia. Mzee mmoja nyuma yangu akasema ni haramu, jeneza halichezwi, akainuka akaondoka na jamaa zake, na wengine wakawafuata. Wanawake hawakuwatazama. Walifika mahali walipochora geti kwa chokaa, wakalipita. Nazmiye akatoka mbele ya ubao, akafungua mikono, akacheza ile ngoma ya wanaume wa milimani, mguu mmoja unaning'inia hewani mpaka mtu anaogopa, kisha goti likagonga mbao kishindo. Wenzake wote wakagonga baada yake. Akainuka. Wakainuka.

Watu wa harusi ya ukumbini walikuwa wamejaa madirishani, bibi harusi mwenyewe kati yao na moshi nyuma yake. Hakuna aliyepiga makofi. Bi Zekiye alikuwa amejifunika uso kwa ushungi. Nurettin alikuwa amesimama mwisho wa barabara, kofia mkononi, kama watu wanavyosimama jeneza linapopita.

Wakashusha ubao. Nazmiye akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akawageukia wanawake wake, hakuwageukia watu.

"Kesho mazoezi, baada ya alasiri," akasema. "Tumealikwa mjini Tire, na baada ya Tire nitatafuta kwingine. Pakize, goti lako lilichelewa."

"Goti langu lina miaka sitini na tatu, dada!"

"Basi lianze kushuka mapema."